Loretta Hagongi Mlango wa Mtu

Loretta Skaggs haombi. Ukitaka kumjua mwanamke huyu, anzia hapo, maana mengine yote yanafuata. Chumvi ikimwishia jikoni hapigi hodi kwa jirani; atakula mayai yake bila chumvi na kujisifu kwamba ndiyo afya. Yeye ni dereva wa greda la kaunti pale Dry Fork, Montana. Kiangazi analainisha barabara za kokoto, majira ya baridi anasukuma theluji, na hakuna geti la shamba katika bonde lile asilolijua. Watu wote wa bonde hutoka majumbani mwao asubuhi kwa sababu Loretta kapita mapema. Njia ya kwake mwenyewe huifungua kwa koleo, akitoka kazini, na ole wako upite na kusimama ukamuuliza kama anataka msaada.

Mumewe wa zamani, Rusty, alitoka siku moja kwenda kununua betri ya pikapu, akaishia Alaska. Betri yenyewe mpaka leo haijafika. Loretta hakulia mbele ya watu wala hakumwendea mtu. Alimchukua binti yao wa pekee, Shelby, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, akamvalisha koti lililomburuta chini, akapanda naye mlimani kutafuta elki. Elki ni wa ukoo mmoja na kulungu, lakini ukimwazia kulungu utakuwa umemkosea heshima. Huyu kimo chake kinakaribia cha farasi, na mmoja tu akiingia kwenye friza, mama na mtoto wanakula mpaka theluji inayeyuka. Shelby alikuzwa na nyama hiyo. Ya kusaga, ya kukausha, ya supu, ya kubana kwenye mkate wa kwenda nao shule, hadi wenzake wakambandika jina la Kwato. Hakukasirika. Aliwagawia wakala, jina likabaki.

Sasa Kwato akapata mchumba. Kijana anaitwa Anders, mpole, daktari wa mifugo, na hilo lisingekuwa tatizo lolote kama asingekuwa mtoto wa Orville Haugen. Haugen ni watu wa ardhi. Ukisimama kwenye kilima cha kanisa ukatazama magharibi, unachokiona ni cha Haugen, na ukichoka kutazama bado ni cha Haugen. Orville mwenyewe ni mjane, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache.

Mwezi wa Septemba Loretta alialikwa kwake kula chakula cha jioni, wapange harusi. Ukumbi wa kanisa ukakubaliwa, siku ikakubaliwa, Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Walipofika kwenye chakula cha wageni, Orville akasema kwa sauti yake ya chini kwamba nyama isimsumbue mtu, atatoa ng'ombe.

Loretta akaweka uma chini. "Harusi ya binti yangu watu watakula elki," akasema. "Na elki nitamleta mimi."

"Na asipopatikana?"

"Atapatikana."

Orville akainua mabega, akaendelea na viazi vyake. Shelby akatazama dari. Anders, maskini, akauliza kama kuna mtu anataka kahawa.

Msimwone Loretta mkorofi. Alikuwa na lake moyoni. Binti yake anaingia katika nyumba yenye kila kitu, na yeye mama mtu hana ardhi, hana ng'ombe, hana hata mume wa kusimama naye kwenye picha. Alichokuwa nacho ni nyama ile. Ndiyo iliyomlea mtoto, na alitaka siku ya harusi kila aliyeketi ukumbini aile na ajue Shelby Skaggs hakutoka kwao mikono mitupu. Akishindwa, watakula ng'ombe wa Haugen, watashiba, watashukuru, na yeye atakuwa mgeni kama wageni wengine. Wazo hilo lilimkera hadi usingizini.

Msimu wa bunduki hufunguliwa Oktoba ikielekea ukingoni na kufungwa Jumapili inayofuata Sikukuu ya Shukrani, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Harusi ni Jumamosi inayofuata. Muda ulikuwepo wa kutosha, na Loretta hakuwa na wasiwasi hata chembe, kwa sababu alikuwa na Kapu.

Kapu ni korongo. Liko juu kwenye msitu wa serikali, lina mteremko wa kuvunja miguu na miti iliyobanana, halina barabara, na Loretta aliligundua mwenyewe miaka ile akiwa na Shelby mgongoni. Kila mwaka alipanda huko, akamaliza kazi, akashuka. Hakumwambia mtu. Hata Dewey Pruitt, fundi wa karakana ya kaunti, rafiki yake wa kupiga naye soga kila asubuhi, alijua tu kwamba Loretta huenda kule juu, na akiulizwa kule juu wapi anasema juu.

Basi siku ya kufungua msimu Loretta akafika chini ya Kapu alfajiri. Akakuta pikapu zimejaa mpaka kando ya barabara, kama mnada wa ng'ombe. Nyingine zina namba za majimbo aliyowahi kuyaona kwenye televisheni tu. Mtu mmoja alikuwa anakaanga bekoni. Na huko juu, kwenye mteremko wake, ule wa siri, taa za vichwani zilikuwa zinapanda kwa mstari mmoja, taa nyuma ya taa.

Alikaa ndani ya pikapu na mikono kwenye usukani. Akatukana kidogo. Kisha akavaa kizibao chake cha rangi ya machungwa, ambacho kila mwindaji lazima avae ili wenzake wasimtandike risasi, akajiunga na msafara.

Dewey ndiye aliyemfumbulia fumbo Jumatatu karakanani, Loretta alipomtajia Kapu mwishowe. Kuna bwana mmoja huko kwenye mtandao, akasema Dewey, anafundisha watu jinsi ya kukwepa msongamano. Anawaambia tafuta mteremko mkali, usio na barabara, unaotazama kaskazini, mbali na maegesho. Na siku hizi kila mtu ana ramani kwenye simu inayomwonyesha ardhi ya umma ni ipi na ya mtu binafsi ni ipi. Wote wamefungua ramani ileile, wakatafuta kitu kilekile. Kila mtu alikuja kumkimbia mwenzake, wakakimbiliana hapohapo.

"Sasa wewe ni maarufu," Dewey akamwambia. "Kapu lako lina nyota nne na nusu."

"Nusu imeenda wapi?"

"Mmoja amelalamika kuna watu wengi."

Loretta hakucheka. Baadaye, ndani ya greda, alicheka peke yake.

Akabadilisha mbinu. Akaenda mbali zaidi ya Kapu, mwendo wa kumaliza magoti, akakuta hema kubwa lenye jiko la kuni na bomba la moshi, na wanaume wanacheza karata. Akaenda upande wa pili wa mlima, akakuta wengine wameketi kwenye mawe na darubini, wakamnyooshea mikono kumsalimia kama wako ufukweni. Elki hakuna. Alama za kwato zilikuwepo, kinyesi kilikuwepo, lakini vyote vya zamani. Wanyama walikuwa wamepisha fujo.

Halafu ikatokea ile ya daktari wa meno, ambayo Dry Fork wataisimulia mpaka Loretta azikwe. Alikuwa amejibanza kwenye kichaka cha misonobari, amekata tamaa nusu, akasikia kwa mbali sauti ya elki jike. Sauti hiyo ni nyororo, inaanzia juu inashuka, unaweza kudhani ni paka mwenye huzuni. Loretta ana kipenga kidogo cha kuiga sauti ile, kinakaa ndani ya mdomo. Akajibu. Kutoka kule nako akajibiwa. Akatambaa hatua chache, akaita tena. Akajibiwa, tena kwa ukaribu zaidi. Walifanya hivyo asubuhi nzima, huyu anaita, yule anaitika, huyu anatambaa kwa tumbo kwenye theluji, akijiambia jike hili lina hamu ya kuongea ambayo hajapata kuiona. Mwishowe akainua kichwa juu ya gogo. Na upande wa pili wa gogo kichwa kingine kikainuka, na kofia ya rangi ya machungwa, na kipenga kinaning'inia mdomoni.

"Samahani, mama," kile kichwa kikasema. "Nilidhani wewe ni elki."

"Hata mimi nilidhani wewe ni elki," Loretta akamjibu. "Na nilikuwa nimekusifia sauti."

Wakacheka hadi wakakaa chini. Alikuwa daktari wa meno kutoka Seattle, mtu mwema, akamkaribisha chokoleti. Loretta alipokuwa anacheka, bwana yule akamchungulia mdomoni akamwambia jino la nyuma kushoto linataka kuzibwa. Kisha akaeleza kwamba amekuja huku kwa sababu amesoma hakuna watu. Loretta akamtakia heri. Akashuka mlima akiwa bado anacheka, na alipofika kwenye pikapu kicheko kilikwisha, kwa sababu Novemba ilikuwa inayoyoma na friza ilikuwa tupu.

Shelby alikuja kumtembelea Jumapili ile na sufuria ya supu. Siku hizo binti alikuwa na jambo linalomtafuna. Anders alikuwa ameitwa kazini Billings, mji mkubwa, mbali, kazi nzuri, na Shelby alikuwa anasuasua kutoa jibu. Ukimuuliza kwa nini, anabadilisha mazungumzo. Badala yake anamuuliza mama maswali yasiyo na mwisho. Bomba likiganda utafanyaje? Nitaliyeyusha. Greda likikuzimikia kule Kijito cha Mbweha? Nitatembea. Ukianguka tena?

Hapo Loretta akanuna. Majira mawili ya baridi yaliyopita alikuwa ameteleza juu ya paa akisukuma theluji, akaanguka, akavunjika mfupa wa bega. Alijikokota akaingia ndani, akajifunga shali, akakaa kwenye kiti akinywa kahawa, na simu iko mezani mbele yake. Hakumpigia mtu. Shelby alimkuta kesho yake ameshakuwa na rangi ya majivu, na alipofoka, mama mtu akamwambia hakutaka kusumbua watu siku ya mechi.

"Sitaanguka," akasema sasa. "Kunywa supu yako."

"Supu ni yako, mama."

"Basi nipishe ninywe."

Wiki ya mwisho ya msimu, Dewey akamwekea ramani ya simu mbele ya uso. Kule karakanani walikuwa wameshaanza kumcheka kidogo, lakini Dewey huyu alikuwa anamhurumia. Kidole chake kilikuwa juu ya Kisiwa. Kila mtu Dry Fork anakijua Kisiwa. Ni kipande cha ardhi ya umma, mali ya kila raia, ila kimezungukwa pande zote na shamba la Haugen, na huwezi kukifikia bila kukanyaga ardhi ya Orville. Hata wale wa Seattle wanakiona kwenye simu zao, wanameza mate, wanapita.

"Elki wako hapo," Dewey akasema. "Bunduki zikilia Kapuni, ungekuwa elki ungeenda wapi? Wamelala hapo wanawacheka. Nenda kwa Orville ukamwombe upite."

"Simwombi Orville kitu."

"Ni mkwe wako."

"Bado."

Dewey akamwambia yeye ni mkaidi kuliko boliti zote za greda, akarudi chini ya lori.

Na mimi nitamtetea Loretta kidogo hapa, maana nimeishi kule miaka mingi na nguzo zile nazijua. Njia yote inayopita mbele ya shamba la Haugen, nguzo za uzio zimepakwa rangi ya machungwa. Kule kwetu rangi hiyo kwenye nguzo ni sheria, haihitaji kibao wala maandishi. Signe, marehemu mkewe Orville, ndiye aliyezipaka, mwaka ambao mlevi mmoja alimpiga risasi ndama wake akidhani ni kulungu. Tangu hapo watu huziona zile nguzo, wanageuza gari. Mtoto wa Dry Fork anajifunza maana ya nguzo ile kabla ya kujifunza kufunga kamba za viatu. Ni marufuku. Ndivyo tulivyofundishwa wote.

Theluji ikaanguka usiku wa kuamkia Ijumaa, siku ya pili ya Sikukuu ya Shukrani, na asubuhi Loretta akaitwa kufungua barabara. Akafika kwenye geti la Haugen, kama anavyofika kila theluji ikianguka, akainua kisu cha greda asije akamwachia Orville rundo mlangoni. Mnyororo ulikuwa umezungushwa getini. Nguzo zilikuwa zimesimama kwenye weupe na rangi yake ileile. Na juu, kwenye kilima cha Kisiwa, akaona kitu kinatembea. Akatoa darubini. Walikuwa kundi zima, majike na ndama wao, wanafukua theluji kwa kwato wanakula majani, hawana haraka, hawana habari na mtu.

Akazima greda. Alikaa pale na injini inapoa, akiwa na hasira na kila kitu. Akazikasirikia simu, akamkasirikia yule bwana wa mtandao, akawakasirikia Haugen tangu babu yao alipoteremka kwenye meli kutoka Norway. Kisha akaitazama nguzo iliyo karibu naye, na kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya akaanza kuikumbuka sheria yenyewe kama ilivyoandikwa kwenye kitabu cha kanuni za uwindaji, kile ambacho huja na kibali kila mwaka na hakuna anayekisoma mpaka mwisho. Haisemi usiingie. Inasema usiingie bila ruhusa ya mwenyewe. Miaka yote ameiona rangi ile, na miaka yote amesoma nusu. Nguzo ilikuwa inamwambia uliza.

"Ah," akasema kwa sauti, ndani ya greda, peke yake. "Mjinga mimi."

Kulijua ni jambo moja, kushuka ni jingine. Alipiga moyo konde mara mbili kabla mguu haujakubali. Kule kwetu anayekwenda kuomba hupita mlango wa jikoni. Mlango wa mbele ni wa polisi na wahubiri. Loretta akazunguka nyumba, akavua kofia, akaivaa tena, akagonga.

Orville akafungua akiwa na soksi na kikombe cha kahawa. Akamtazama, akalitazama greda lililosimama barabarani. "Barabara imefungwa?" akauliza, kwa kuwa hakuna sababu nyingine ya kumwona Loretta Skaggs mlangoni kwake bila kuitwa.

Barabara iko wazi, Loretta akamwambia. Orville akangoja. Loretta akazungumzia theluji. Akazungumzia upepo, na jinsi ulivyogeuka. Akafika mpaka kwenye tairi la mbele la greda, kwamba linavuja kidogo. Orville aliendelea kungoja, hakumsaidia hata kwa neno moja, na kahawa yake ilikuwa inapoa. Uso wa Loretta ulikuwa unawaka. Bega alilolivunja halikumuuma vile.

"Orville," akasema mwishowe, "naomba nipite kwenye ardhi yako niende Kisiwani kuwinda."

Mzee akanywa kahawa yake. "Geti liko wazi," akasema.

"Mnyororo nauona."

"Mnyororo umezungushwa tu. Kufuli nimelitoa tangu siku msimu ulipofunguliwa."

Loretta akazihesabu theluji zote za msimu ule. Amepita pale na greda lake kila mara tangu Oktoba, geti lipo karibu kiasi cha kuligusa kwa mkono.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia nitatoa ng'ombe, ukanitazama kama nimemtukana mama yako." Orville alisema hivyo bila hasira. "Nikaona huyu si mtu wa kupewa. Akitaka atauliza. Shelby akasema hutauliza, hata mbingu zianguke. Tumewekeana dau la pai."

"Kumbe mnakaa mnanijadili?"

"Sana. Ingia, kunywa kahawa."

Akaingia. Sijui walizungumza nini kwenye kahawa ile, maana wote wawili si watu wa kusimulia, ila Dewey anaapa kwamba greda lilikaa pale barabarani hadi mtu akapiga simu kaunti kuuliza kama limeharibika.

Kesho yake alfajiri Loretta akafungua mnyororo kwa mikono yake, akapita. Hakukuwa na taa hata moja mbele yake, wala bekoni, wala kipenga cha mtu. Alipanda polepole, upepo ukimpiga usoni, na kulipopambazuka akawaona walipokuwa jana, wametulia kana kwamba bunduki hazijapata kubuniwa. Akachagua jike nene lisilo na ndama pembeni. Akalala kwenye theluji, akavuta pumzi, akaitoa nusu. Risasi ilikuwa moja. Jike likatembea kidogo, likalala chini.

Loretta akapiga magoti pembeni yake, akaliwekea mkono shingoni, kama anavyofanya siku zote, akashukuru kimoyomoyo. Elki mzima hawezi kubebwa na mtu. Miaka yote Loretta humkata vipande, akabeba mgongoni kimoja kimoja, akashuka nacho, akarudi kuchukua kingine, mpaka jioni magoti yanalia. Akatoa kisu. Akaanza na mguu wa nyuma. Alikuwa amefika nusu alipojikuta amekaa kitako kwenye theluji na kisu mapajani, anatazama chini, ambako moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la Orville.

Kuomba mara ya pili kulikuwa kugumu vilevile, lakini kulikuwa kufupi. "Mkwe," akasema kwenye simu, na ndiyo mara yake ya kwanza kumwita hivyo, "njoo unisaidie."

Orville alipanda na farasi wake wa mizigo, jike kizee linaloitwa Pickles. Hakupongeza, hakuuliza. Alishika mguu ulipohitaji kushikwa, akafunga kamba, akamkemea Pickles alipotaka kula mkoba wa Loretta. Walipomaliza upande mmoja Loretta akajifuta mikono kwa theluji, akampigia binti yake.

Shelby aliitikia kwa hofu. Mama hapigi simu mchana. "Kuna nini? Umeumia?"

"Sijaumia. Nimepata elki. Kisiwani, kwa baba mkwe wako."

Loretta akadhani mtandao umekata.

"Uliomba?" Shelby akauliza.

"Niliomba."

"Mwenyewe? Mlango wa jikoni?"

"Wa jikoni. Na leo nimempigia simu aje na farasi. Yuko hapa, anafunga kamba vibaya."

Orville akasikia, akafungua kamba, akafunga upya.

Shelby akataka kuambiwa alisemaje, neno kwa neno. Loretta akamwambia, theluji, upepo, tairi na yote. Akangoja aulizwe kama elki ni mkubwa, kama nyama itatosha ukumbi mzima. Hakuulizwa. Alichosikia ni binti yake anavuta pua.

"Mbona unalia? Nyama ipo."

"Silii nyama, mama. Nilimwambia Anders hatuendi Billings. Nilishindwa kuondoka nikakuacha peke yako, na wewe hata ukifa huiti mtu."

Loretta akashika simu kwa mikono miwili. Wiki zote hizo alikuwa anahangaika milimani ili mtoto asitoke kwao mikono mitupu, na mtoto alikuwa hatoki kabisa, amekaa anamlinda yeye. Ilimuuma. Na palepale kwenye maumivu alifurahi, akashindwa kutenganisha kipi ni kipi.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa labda tunaweza kwenda."

Ni mbali, Billings. Loretta alitazama bonde, barabara zote alizozifungua jana, na ile moja inayokwenda kusini. Angeweza kusema subirini kwanza majira ya baridi yapite. Neno lilikuwa mdomoni.

"Nendeni," akasema.

Akaweka simu mfukoni. Orville alikuwa amegeukia upande mwingine, anajitia kumpapasa Pickles. Kisha akamrushia Loretta ncha ya kamba, naye akaidaka, wakavuta.